Masizi si Moshi

Bibi yangu wa Tanga hakuwahi kumiliki brashi ya mapambo. Alikuwa na kichupa cha shaba cha wanja wa manga na kijiti chake chembamba, na alipaka usiku baada ya sala ya isha, ameketi ukingoni mwa kitanda, bila kioo. Kijiti kilipita katikati ya kope za juu na za chini jicho likiwa limefumbwa, mara moja tu, basi. Asubuhi, baada ya usingizi na maji ya udhu, ule mstari haukuwa mstari tena. Ulikuwa umetawanyika kidogo kwenye mashina ya kope, mweusi ndani, wa kijivu pembeni, na nje kabisa usingeweza kusema umeishia wapi. Alimalizia kwa ncha ya kidole. Nilikuwa na miaka saba au minane, na niliamini macho yake yalizaliwa hivyo.

Nalitaja hilo kwa sababu ilinichukua miaka mingi ya kazi kurudi palepale. Napamba Dar es Salaam tangu 2012, kwanza nyumba kwa nyumba na mkoba wangu, sasa kwenye chumba kimoja cha saluni Magomeni. Wateja wangu wengi ni wa send-off, kitchen party na harusi. Ukifika Mfungo Mosi, watu wameshamaliza Ramadhani, au ukifika Desemba, kuna Jumamosi napaka macho ya watu tisa kabla ya saa kumi jioni. Na wengi wao wanataka smoki.

Smoki, yaani ya moshi kwa Kiingereza, kwetu wapambaji ni jicho lililokolezwa rangi pale penye kope, kisha rangi ikafifia taratibu kuelekea kwenye nyusi. Wateja wengi wanadhani smoki maana yake ni jicho jeusi. Hata mimi nilidhani hivyo mwanzoni, na ni send-off moja ya mwaka 2013 iliyonitoa huko.

Ilikuwa nyumba ya watu Temeke, chumba chenye feni moja na wasichana kumi. Binti mwenyewe alikuwa mweusi wa kung'aa, ngozi ambayo hata bila poda ilikuwa imeshapambwa, na gauni lake lilikuwa la dhahabu. Akaniambia, "Dada, nataka smoki kali." Nikampaka uso wote kwanza, faundesheni, poda, mashavu, kisha nikachukua poda nyeusi kwa brashi pana na kuanza kuifagia juu ya jicho. Nusu saa baadaye joto lilikuwa limeshafanya kazi yake. Rangi ilikuwa imekusanyika kwenye mkunjo wa jicho kama uzi. Chembe nyeusi zilikuwa zimeanguka mashavuni, na kila nilipozifuta zilizidi kutambaa. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba juu ya ngozi yake ile poda nyeusi haikuwa nyeusi. Ilikuwa ya kijivu, kama jiko lililozimwa jana. Shangazi yake akaja, akanishika bega, akaninong'oneza wageni wasisikie: "Mwanangu, mbona umempaka masizi?"

Tukamwosha uso mzima. Zilikuwa zimebaki dakika arobaini aingie ukumbini. Aliingia na wanja na rangi ya mdomo tu, na alipendeza, lakini alikuwa ameniomba kitu kingine na sikukijua. Siku ile kwake haitarudi. Nililia kwenye daladala.

Wiki iliyofuata nikamtafuta mama mmoja aliyekuwa akipamba maharusi tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Mpaka leo namwita somo, ingawa hakunifunda mambo ya ndoa, alinifunda macho. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipeleka uani kwenye jiko la mkaa lililokuwa ndiyo linawashwa. Akapindua sufuria. "Haya ni masizi. Yana mwanzo na yana mwisho, ukigusa unajua umegusa. Sasa tazama huo moshi. Nionyeshe unapoishia." Kisha akaninyima rangi nyeusi miezi miwili. Nilipaka kahawia peke yake, kwenye macho yangu, ya binti yake, ya majirani, nikifuta na kurudia mpaka ngozi zikawa zinachonyota na tukapumzika.

Katika ile miezi miwili niligundua kwamba kazi ya smoki haianzii kwenye kope. Inaanzia kule itakakoishia.

Siku hizi napaka macho kwanza, uso baadaye, ili chembe zikianguka nizifute kwa pamba yenye maji ya kuondolea mekapu na hakuna kilichoharibika. Ngozi ya juu ya jicho, hasa kwa hali ya hewa yetu ya pwani, hutoa mafuta haraka. Kwa hiyo naifuta ikauke, napaka praima, ile krimu ya kushikilia rangi, kiasi cha punje ya mchele kwa macho yote mawili, na juu yake konsila nyembamba, ile ya rangi ya ngozi ya kufichia madoa, iliyogandamizwa kwa kidole. Ukiweka nyingi ukidhani itashika zaidi, itateleza na kujikunja. Halafu inakuja ile ambayo sikuwahi kuijua: rangi ya katikati. Ni rangi isiyong'aa inayokaa kwenye mkunjo na juu yake kidogo, ambayo moshi utapita ukielekea kupotea. Mwenye ngozi ya maji ya kunde anatosheka na kahawia ya chai ya maziwa. Mwenye ngozi nyeusi, hiyohiyo humgeukia vumbi jeupe. Yeye anahitaji rangi ya tofali, ya chungwa lililoungua, au damu ya mzee. Paleti nyingi za bei nafuu zinazopatikana Kariakoo zina rangi kumi na nane na kati ya hizo mbili tu ndizo zinazoonekana kwenye ngozi ya mwanamke mweusi. Mimi huzijaribu mkononi, upande wa ndani wa kiwiko, kabla sijatoa hela. Nikitelezesha kidole mara moja na rangi ikabaki ya unga, naiacha dukani.

Brashi ya mkunjo iwe na manyoya mengi na laini, na uishike mwisho wa mpini, mbali. Ukiishika karibu na manyoya unabonyeza bila kujua, na ukibonyeza unachora. Mkono uende na kurudi kama waipa ya gari, mwepesi, rangi kidogo kidogo. Baada ya hapo ndipo nachukua penseli laini ya rangi ninayotaka, nakandika kwenye mashina ya kope bila kujali unyoofu, na kuisambaza mara moja kabla haijakauka. Zile zisizotoka kwa maji hukauka haraka sana, hivyo nafanya jicho moja nalimaliza, ndipo nahamia la pili. Juu ya penseli naweka poda ya rangi ileile kwa kuigandamiza. Kufagia nilikofanya Temeke ndiko kulikopeleka chembe mashavuni. Penseli ya chini ndiyo inayoifanya nyeusi iwe nyeusi kwenye ngozi nyeusi; poda peke yake ina vijazio ndani yake, na hivyo ndivyo vinavyoonekana kijivu.

Mwisho nachukua brashi ambayo haijagusa rangi yoyote. Hii ninayo moja, imefungwa uzi mwekundu, na msichana wangu wa saluni anajua haichovywi popote. Inapita pale rangi inapokutana na ngozi, huku na huku, dakika mbili au tatu kila jicho. Wapambaji wanaoanza hukimbilia kuongeza rangi wanapoona ukingo mgumu. Ukingo haulainiki kwa kuongezwa rangi. Unalainika kwa hiyo brashi tupu na subira.

Nilipoelewa hivyo, rangi zenyewe zikawa mlango baada ya mlango.

Kahawia niliipenda kuliko zote na bado ndiyo ninayompa mtu asiyewahi kupaka macho. Inasamehe. Ukikosea upande mmoja hakuna atakayejua, na mwanamke anaweza kwenda nayo ofisini asubuhi, akaiongezea penseli nyeusi jioni akaenda nayo ukumbini. Damu ya mzee nayo inampendeza karibu kila mtu mweusi, ila ikikaribia sana ukope wa chini inamfanya aonekane mgonjwa au ametoka kulia, hivyo chini naweka kahawia au nyeusi kwanza, nyekundu ikae nje yake.

Zambarau ni rangi ambayo jina lake lilinifundisha kuipaka. Litazame tunda la zambarau lililoiva: kwa mbali ni jeusi, na urangi wenyewe unauona pale ngozi inapotanuka, na ukila unabaki kwenye ulimi. Nikaacha kutumia zambarau nyepesi ya maua. Naanza na nyeusi kwenye kope, zambarau iliyoiva inakuja juu yake, na kile kivuli cha mwisho kabisa ni kama doa la tunda. Kwenye ngozi ya kahawia iliyokolea sijaona rangi inayotulia kama hiyo.

Bluu ilinitesa. Mteja mmoja wa kitchen party, wanakamati wote wamevaa kitenge cha bluu, alitaka macho yafuate sare. Poda nyingi za bluu zimechanganywa na nyeupe ndiyo maana zinavutia zikiwa ndani ya kasha, na nilipoipaka ikawa chaki ya ubaoni. Nikaongeza, ikazidi. Isitoshe, nilikuwa nimeweka rangi ya chungwa lililoungua kwenye mkunjo kama nilivyozoea, na bluu ilipoigusa zikatoa tope. Bluu na chungwa zinauana, kama vile kijani na nyekundu zinavyouana. Ukizififisha moja ndani ya nyingine unapata rangi ya maji ya dimbwi. Nilifuta nikaanza upya, nikampa kaniki. Ndivyo ninavyoiita mimi: bluu ya kaniki, ile nguo ya bibi zetu ambayo ukiitazama ndani ni nyeusi na ukitoka nayo juani ni bluu. Penseli ya bluu iliyokolea chini, poda nyeusi kidogo pembeni, na zambarau badala ya chungwa kwenye mkunjo ili njia ya kupotea iwe laini. Macho yalifuata sare, na kwenye picha yalionekana ya usiku.

Kijani ni hadithi nyingine. Kijani cha jani bichi sijawahi kufanikiwa nacho, lakini kijani cha mzeituni, kile chenye uchafu wa kahawia ndani yake, kikiwekewa chembe ya dhahabu katikati ya jicho, humtoa mtu alivyo. Wamisri wa kale walikuwa wakisaga jiwe la kijani, malakiti, wakajipaka machoni, pamoja na jiwe jeusi la galena. Nilipolisoma hilo nilifurahi sana, kisha nikashtuka, kwa sababu galena ni mawe ya madini ya risasi. Na wanja mwingi unaouzwa mpaka leo kwa jina la wanja wa asili, ukipimwa maabara, hukutwa na risasi ndani. Risasi haina kiwango salama mwilini, na kwa watoto hudhuru ubongo. Nasi ndio tunaowapaka watoto wachanga wanja mpaka kwenye nyusi.

Haikuwa rahisi kwangu kuliweka kando lile pambo la bibi. Lakini siupaki tena wanja wa kichupa kwa mteja, na mzazi akiniletea mtoto wa kusimamia harusi nimpake, namwambia kwa heshima kwamba sipaki. Natumia penseli zenye jina la mtengenezaji, orodha ya viambato na tarehe ya kwisha muda. Vipodozi nchini viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019, basi kitu ambacho hata kasha lake halisemi kimetoka wapi sikipeleki kwenye jicho la mtu. Vilevile pambo la kumetameta la kazi za mikono, lile la kadi na mabango: chembe zake zina kona kali na zinaweza kukwaruza mboni. Kuna linalotengenezwa kwa ajili ya macho, na tofauti ya bei si kubwa kiasi cha kuhatarisha jicho.

Mwanzoni mwa 2024, macho mekundu yalipoenea Dar es Salaam, nilifunga kazi ya macho kwa majuma matatu na kuwarudishia watu malipo ya awali. Wapo walionichukia. Lakini maskara inayotoka kwa huyu na kuingia kwa yule, penseli moja kwa maharusi wanne, hiyo ndiyo njia yenyewe ya ugonjwa. Tangu hapo kila penseli inachongwa kabla ya kila mteja na kupuliziwa spiriti ya asilimia 70, maskara inapakwa kwa vibrashi vya kutupa, na brashi zinaoshwa kila jioni na kulazwa chali zikauke. Mwenye jicho jekundu simpaki hata akiwa dada yangu wa tumbo moja.

Kuna mambo nimefundishwa na nyuso zenyewe. Mama mzaa bwana harusi, mtu mzima wa miaka sitini na kitu, alinikalia kwa adabu nusu saa nzima huku amefumba macho. Nikampaka shaba nzuri. Alipofumbua, shaba yote ikaingia ndani ya mkunjo, haikuonekana hata kidogo, na ule mng'ao ukawa umekaa kwenye makunyanzi tu. "Umemaliza, mama?" akaniuliza. Nikamwambia hapana, naomba unitazame mimi usoni usifumbe. Nikaweka alama juu ya mkunjo wake hali jicho liko wazi, nikapaka kahawia isiyong'aa kupandisha nje kidogo, penseli nyembamba kwenye kope, kwisha. Sasa kila mteja, wa umri wowote, namfumbua macho mara tano sita katikati ya kazi. Jicho lililofumbwa halihudhurii harusi.

Mwingine alikuwa dada wa Kizanzibari aliyekulia Muscat, amekuja Dar kwa harusi ya binamu yake. Huvaa niqabu, na uso wake wote mbele za watu ni macho. Akaniambia kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka, "Usinipandishie juu, nipelekee nje." Kule kwao wanaijaza nyeusi ndani ya ukope, juu na chini, kisha kivuli kinavutwa kuelekea kwenye kona ya nje ya jicho, kirefu, chembamba, juu kukibaki karibu patupu. Mimi nilikuwa nimezoea kufifisha kwa kupanda. Alinishika mkono akanionyesha mwelekeo, na tulipomaliza akafunga niqabu yake, akanigeukia. Nilisimama nikiwa sina la kusema. Mtindo ule sasa naupaka kwa mwezi mara mbili tatu, hata kwa wasiovaa niqabu, hasa wenye macho ya duara.

Taa nazo. Chumba cha kupambia huwa na taa nyeupe ya buluu-buluu, ukumbi una taa za zambarau na kijani, na mpiga picha ana mwanga wake. Smoki iliyopendeza chumbani inaweza kumezwa ukumbini. Siku za umeme kukatika, ambazo nilizilaani mwanzoni, ndizo zilizonizoesha kumketisha mteja kando ya dirisha, na mpaka leo ndipo ninapomketisha hata umeme ukiwepo. Kwa jioni nakoleza kidogo zaidi ya jicho langu linavyopenda. Poda nyeupe laini ya chini ya macho naiogopa, kwa sababu mwanga wa kamera hurudi nayo na bi harusi akatokea na vipande viwili vyeupe chini ya moshi wote ule. Napiga picha ya majaribio kwa simu, mwanga umewashwa, kabla sijamwachia mtu aondoke.

Na watalia. Send-off haipiti bila kilio, mama akisimama kumkabidhi binti yake hata mimi nyuma ya pazia hujikuta nalia. Nawapa tishu iliyokunjwa kuwa na ncha, naielekeza: gusa kona, usifute. Chini ya jicho naweka moshi mwembamba tu ili ukishuka ushuke kwa uzuri.

Idi iliyopita nilikwenda Tanga. Bibi haoni vizuri siku hizi, mtoto wa jicho alifanyiwa upasuaji mmoja na bado mmoja. Kile kichupa cha shaba nilishakiosha zamani, kipo kabatini mwake na kijiti chake ndani. Akaniambia, "Nipake basi, wewe si ndiyo kazi yako." Nikachonga penseli mpya, nikapaka lile jicho ambalo daktari ameruhusu, nikalisambaza kwa brashi yangu ya uzi mwekundu mpaka nikaridhika. Akaomba kioo, akakisogeza karibu kabisa na uso, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akalamba ncha ya kidole cha kati, akapitisha pembeni mara moja, akanirudishia kioo.